Funda la Kwanza ni la Anayemimina

Juzi baada ya misa ya Kiswahili, mlipokuwa mnakunywa chai nyuma ya kanisa, niliwaona mkikonyezana. Nilikuwa nimemmiminia padre juisi, nikaionja kidogo kabla ya kumpa, nanyi mkaanza kucheka mkidhani sioni. Naona. Miguu ndiyo iliyostaafu, macho bado yako kazini. Sasa kwa kuwa wengi wenu mnasomea kazi za hoteli, na kwa kuwa binti yangu Upendo ameahidi kunipigia chapa nikiandika kwa mkono, nitawaeleza tabia hiyo ilitoka wapi, na jinsi ilivyokaribia kunirudisha kwetu Kibosho, Kilimanjaro, na mabegi yangu.

Nilihudumia vinywaji katika hoteli moja ya Sandton kwa miaka ishirini na saba. Kinywaji kilichonitesa kuliko vyote si mvinyo wala wiski. Ni saida, kinywaji cha matufaha, au epo kama mnavyosema nyinyi. Wiski ni wiski, mnywaji awe wa Nairobi au wa Tokyo. Saida, kila mtu huja nayo kichwani kutoka kwao, na hakuelezi iko vipi, kwa sababu anaamini dunia nzima inakunywa ileile ya kwao.

Hapa Johannesburg mnaijua: tamu, ina mapovu, inalevya, na lazima iwe baridi ya kuumiza meno. Mtu anataka glasi ijae barafu hadi juu na kipande cha limau kinachoning'inia pembeni. Hiyo ndiyo niliyofundishwa. Nikaimudu, nikajiona fundi. Kisha akaja mama mmoja Mwingereza, wa mashambani kabisa huko magharibi ya nchi yao, mwenye viganja vipana vya mtu anayelima. Akaomba saida. Nikamletea na barafu yote na limau. Aliitazama kama mtu aliyekuta sabuni kwenye supu. Akachukua kijiko, akatoa barafu kipande kimoja kimoja na kuviweka kwenye kisahani, na limau akaliweka juu yake.

"Binti," aliniambia, "hii ni soda ya watoto."

Nikamuuliza ya kwao ikoje. Akasema haina mapovu, haina sukari, haiwekwi kwenye friji, ni nzito ya rangi ya tope, na ukinywa glasi tatu magoti yanakukana. Nikawaza, huyu mama anataka mbege, pombe yetu ya ndizi. Nilimpenda kuanzia hapo, ila sikuwa na cha kumpa.

Mhispania alikuwa kesi nyingine. Yeye alinikataza kumimina, akachukua chupa, akainua mkono juu ya kichwa, na glasi akaishusha chini karibu na goti. Akamimina kutoka huko juu bila hata kutazama. Tone moja kati ya mawili lilianguka kwenye zulia. Akanywa lile funda moja harakaharaka, na tone la mwisho akalimwaga chini kwa makusudi. Baba Mabaso, mkuu wetu wa baa, mzee wa Kizulu niliyejifunza kazi mikononi mwake, alikuwa amesimama nami. Nilimgeukia nikitegemea kumwona amekasirika kwa sababu ya zulia. Nikamkuta ameinamisha kichwa kwa heshima.

"Anawapa wazee wake waliolala," alininong'oneza. "Usimsumbue. Leta deki akishaondoka."

Baadaye nilimuuliza yule Mhispania, akasema hapana, kwao wanamimina hivyo ili saida iamke ipate hewa, na kile kinachomwagwa kinasuuza mdomo wa glasi kwa ajili ya mwenzako, maana glasi ni moja kwa watu wote. Sikumwambia Baba Mabaso. Alikuwa amefurahi sana kuona kwamba wazungu nao wana wazee.

Mjapani alitaka soda nyeupe yenye ladha ya limau, isiyo na hata harufu ya tufaha. Nilimpa saida ya hapa, akanywa kidogo, akatabasamu kwa adabu, akaiacha pale kwa saa nzima. Nyie mkiona mgeni ametabasamu na kinywaji hakipungui, msijisifu. Adabu ya watu wengine inaficha kiu.

Na msidhani ni wageni wa mbali tu. Bi Mwanaidi, rafiki yangu wa Tanga aliyekuwa na duka la vitambaa kule Mayfair, mtaa wa hapahapa Johannesburg, aliniuliza siku moja nafanya kazi gani hasa. Nikamjibu namimina saida. Nilidhani atanisema, maana yeye ni mtu wa swala tano.

"Mashaallah, shoga, kazi ya dawa hiyo," akasema. "Mimi mwenyewe naitia asali kila asubuhi."

Kumbe kwake saida ni ile siki ya matufaha iliyo kwenye chupa ya kahawia, ambayo wanawake wa Mayfair wanainywa kwa ajili ya sukari na kitambi. Kabla sijapata nafasi ya kumweleza, alikwishanitangaza mtaa mzima. Mwezi mzima nilisimamishwa njiani na wazee wakinieleza habari za miguu yao inayowaka moto. Mmoja alinionyesha kidole gumba. Nilimwambia asipake kitu, aende zahanati, na akanisifu kwamba sina tamaa.

Sasa nirudi kwenye kuonja, maana ndiko tunakokwenda.

Mama yangu alikuwa mpika mbege. Nyumba yetu ilikuwa kilabu cha watu wazima, na mimi nilikulia kati ya ndizi za kuchemsha na ulezi uliochipuzwa. Kwetu anayekupa pombe hunywa kwanza. Anachota kwa kata, anapiga funda moja mbele yako, ndipo anakukabidhi. Kwa nini? Ili ujue haina sumu, na haijachacha, na haijawa kali kuliko umri wako. Mama alikuwa na msemo wake: ukimpa mtu pombe bila kuionja, umempa kesi. Nilianza kuhudumia wazee nikiwa na miaka kumi na mbili, kwa hiyo jambo hilo halikupita kichwani tena. Lilikuwa mkononi na mdomoni.

Wiki yangu ya kwanza pale hotelini, bwana mmoja mwenye tai akaagiza saida. Nikafungua chupa, nikainamisha glasi kama nilivyofundishwa, nikamimina taratibu pembeni. Nikapiga funda moja. Nikafuta mdomo wa glasi kwa kiganja, nikamkabidhi kwa mikono miwili na kupiga goti kidogo. Mimi najiona mtu mwenye malezi. Yule bwana aliisogeza glasi mbali naye.

Baba Mabaso alifika kabla bwana hajalalamika. Aliichukua ile glasi na kuiinua kwenye mwanga.

"Leo tunakagua ubora, bwana," akasema. "Hii haikutufurahisha. Tunakuletea nyingine."

Kisha akanipeleka stoo, akafunga mlango. Alizoea kuniita kwa jina la nchi yangu.

"Eish, Tanzania. Nisikilize. Hapa mgeni haogopi sumu. Anaogopa mate yako."

Nilitamani sakafu ipasuke. Meneja wetu, Bi Marlene, mwanamke mwembamba mwenye kidaftari na kalamu nyekundu, alikuwa ameona kila kitu. Aliandika. Tangu siku hiyo nilijifunza kubana midomo ninapomimina, hadi wageni wengine wakadhani nina jino bovu.

Mjue kwamba wakati huo nilikuwa kibarua, mtu wa kuitwa siku wanapohitaji mikono. Niliitwa hivyo miaka minne. Kibali changu cha kukaa nchini kikawa kinakwisha mwisho wa Julai, na ofisi ya uhamiaji ikataka barua ya mwajiri inayosema nimeajiriwa moja kwa moja. Bila barua, mimi na Upendo tunarudi nyumbani. Mimi ningeweza kurudi, Kibosho si jehanamu. Lakini Upendo alikuwa darasa la sita pale Yeoville. Baba yake alikuwa amefariki na kuzikwa hapa. Mtoto alielewa Kiswahili changu chote na kunijibu kwa Kiingereza, na Kichaga alijua maneno matatu, yote ya chakula. Kila usiku alihesabu siku kwenye kalenda, na mimi nilijifanya sioni.

Nikaenda kwa Bi Marlene nikamwomba barua. Alifungua kidaftari, akatafuta ukurasa, nami niliuona ule wino mwekundu kichwa chini.

"Kuna chakula cha mchana cha watu wa matufaha wiki ijayo," akasema. "Wakulima na wanunuzi, kutoka kila mahali. Utasimamia vinywaji. Kikipita salama, tutazungumza barua."

Watu wa matufaha. Kutoka kila mahali. Na kinywaji cha kukaribishia, alichokichagua mwenyewe, saida.

Nilijiandaa kama kwa mtihani. Nilimwekea Mjapani, kama yupo, soda nyeupe. Niliacha chupa kumi nje ya friji kwa ajili ya Waingereza. Nilitandika plastiki chini ya meza ya Wahispania. Mwenzangu Kalala, weita Mkongo wa Lubumbashi, alinicheka akasema nahudumia kama mganga mwenye dawa ya kila ugonjwa. Siku yenyewe ilipofika mambo yakaenda vizuri hadi mimi mwenyewe nikaogopa. Mwingereza alipata ya vuguvugu akanishika mkono. Mhispania alimwaga kwenye plastiki. Bi Marlene alisimama karibu na mlango, kalamu iko mfukoni.

Mtu ambaye sikumwandalia alikuwa Mmarekani.

Alikuwa mzee mrefu, ndiye mgeni wa heshima, atakayehutubia baada ya chakula. Alikuwa amechelewa, ametoka kwenye baridi ya Julai bila koti. Nilimkaribisha, akaniambia kwamba kwao kila vuli anakamua saida kwa mkono wake na wajukuu wanamsaidia kugeuza mtambo. Akaomba glasi ndefu. Nikasema sawa, huyu ni rahisi, anapenda. Nikammiminia ya hapa, baridi, yenye mapovu.

Sasa angalieni kilichotokea. Wageni wote wa hoteli hupokea glasi kwa mkono mmoja, huku wanazungumza na mwingine. Huyu mzee alisimama. Akaacha mazungumzo, akanyoosha mikono yote miwili kupokea, vile hasa wazee walivyosimama mbele ya kata ya mama yangu. Ile mikono miwili ndiyo iliyoniponza. Kabla akili haijafika, glasi ilikuwa mdomoni mwangu, na funda limeshashuka kooni.

Mazoea yana taabu. Nilisimama pale na ladha ya tufaha mdomoni, nikamwona Bi Marlene anatoa kalamu.

"Mama Upendo, weye unafanya nini?" Kalala alininong'oneza akipita na trei. "Madame anakuangalia mubaya."

Nilijua kibarua kimeota nyasi. Nilimwona Upendo kwenye ndege, amekaa karibu na dirisha, haniongeleshi. Yule mzee hakukasirika hata kidogo. Aliniuliza tu, kwa upole, kwa nini nimekunywa. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshapoteza kila kitu, nikamwambia ukweli. Nikamweleza habari za mama, na kata, na sumu, na kwamba anayemimina huonja asije akampa mgeni kitu kikali kuliko anavyotarajia.

Alicheka. "Kikali? Juisi ya matufaha?"

"Si juisi, baba. Hii inalevya."

Kicheko kilimkatikia. Alitazama ile glasi, kisha akairudisha mikono yake nyuma ya mgongo, yote miwili, kama mtoto aliyeambiwa sufuria ni ya moto. Akaniomba niiweke mbali. Sauti yake ilikuwa ndogo sana aliponiambia kwamba kwao saida ni juisi, ndivyo alivyoijua tangu utoto, na kwamba yeye pombe hajaigusa kwa miaka kumi na tisa. Aliiacha siku binti yake alipokataa kumpa mjukuu ambebe. Na anajijua, akasema. Kwake yeye hakuna funda moja.

Nilimwonea huruma nikasahau yangu. Nilichojua ni kwamba mzee huyu amesafiri toka upande wa pili wa dunia, ana baridi, na ameomba kinywaji cha kwao. Nikamwambia Kalala, leta matufaha.

"Ya wapi?"

"Yale pale mbele, kwenye kikapu."

Kikapu kilikuwa kizuri kweli, matufaha mekundu, ya kijani, ya manjano, kila moja na kikaratasi. Tuliyabeba yote jikoni. Tukayakata, tukayasaga, nikayakamua kwa kitambaa cha chai kama mama alivyokuwa akichuja mbege, nikaweka sufuria motoni na kijiti cha mdalasini kutoka kwenye viungo vya pilau. Harufu ilipopanda hata mpishi mkuu akaacha kutukana. Nikamimina kwenye kikombe, nikatoka nacho hadi kwa yule mzee. Mbele ya ukumbi mzima, kwa kuwa sasa ya nini kuficha, nikapiga funda moja. Nikamkabidhi.

Alipokea kwa mikono miwili. Alikunywa akiwa amefumba macho. Alipofumbua yalikuwa na maji, na mimi pia.

Wakati huohuo mwenyekiti wa mkutano alipanda jukwaani kuwaonyesha wanunuzi aina mpya za matufaha ya Cape zilizoletwa kwa ndege asubuhi ile, sampuli pekee zilizokuwepo. Akanyoosha mkono kwa madaha kuelekea kikapuni. Ndani yake kilikuwa kimebaki kikaratasi kimoja.

Sitawachosha na yaliyofuata. Yule mzee alisimama akasema sampuli anazo yeye tumboni, ni nzuri, anazipendekeza. Watu wakacheka, wakataka kuonja, sufuria ikazunguka meza kwa meza hadi ikaisha. Bi Marlene hakucheka. Nilimwona akiandika, anageuza ukurasa, anaendelea kuandika.

Asubuhi iliyofuata niliitwa ofisini. Baba Mabaso alinisindikiza hadi mlangoni, akanirekebishia kola, akasema, "Sharp, Tanzania. Simama wima." Sharp hiyo ni sawa, na ni kwaheri pia, nami nikaelewa kuwa ananiaga.

Juu ya meza kulikuwa na vikombe viwili vya chai, kimoja upande wake, kingine upande wangu. Kidaftari kilikuwa katikati. Nilikaa nikiwa nimeshika mkoba kwa mikono yote miwili.

"Ulikunywa glasi ya mgeni," akasema.

"Ndiyo, madam."

"Mara ya pili."

"Mara ya tatu, madam. Kulikuwa na kikombe pia."

"Na ukakamua sampuli za mkutano."

"Zote, madam."

Alifunga kidaftari. Aligeuka akatazama dirishani, nikaona shingo yake imekuwa nyekundu. Akasema, akiwa bado ametazama nje, kwamba yule mzee alikuja kwake jioni na kumweleza yote, hata yale aliyonieleza mimi kwa sauti ndogo. Ile saida aliichagua yeye mwenyewe, akasema. Hakuna aliyewaza kumuuliza mgeni.

Kisha Bi Marlene, ambaye katika miaka minne sikuwahi kumwona akigusa kijiko cha mtu mwingine, alinyoosha mkono akachukua kikombe changu, si chake. Akapiga funda moja. Akakisogeza tena mbele yangu, na chini ya kisahani palikuwa na bahasha yenye jina langu na anwani ya ofisi ya uhamiaji.

Alama ya rangi ya mdomo wake ilikuwa imebaki kwenye ukingo wa kikombe. Sikuifuta. Nilikinywa chote.